Majumba Matatu, Deni Moja

Mwezi uliopita ami yangu aliweka picha kwenye grupu la familia la WhatsApp. Ilikuwa nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, ile iliyo nyuma ya Ndia Kuu, lakini ilikuwa imepitia mikononi mwa fundi wa kompyuta. Kuta zimekuwa nyeupe pe. Ukumbini kuna mito ya rangi ya machungwa na taa za shaba. Juu kabisa, pale nyanya anapoanika nguo, kuna kidimbwi cha kuogelea na mzungu mmoja amelala kando yake, kitabu kifuani. Chini ya picha ami aliandika: "Vyumba saba. Mwekezaji yuko tayari. Mama atakaa Bamburi. Anayekubali aweke gumba."

Magumba yakamiminika. Tisa, kumi, kumi na tatu. Mimi nikaandika, "Ngojeni kwanza." Tangu siku hiyo nimeulizwa na kila mtu ninangoja nini, na binamu mmoja ameniambia waziwazi kwamba nimesoma mpaka nimeharibika. Jibu langu haliingii kwenye meseji ya mistari miwili. Jibu refu ni hili.

Kazi yangu ni uhakiki, hasa wa vitabu. Lakini mwaka 2017 nilikaa siku nne Mji Mkongwe wa Unguja nikitembelea majumba ya wafanyabiashara wakubwa wa karne ya 19 ili nione yamegeuzwa kuwa nini. Daftari la safari hiyo bado ninalo. Nililifungua tena usiku ule wa magumba, na nikagundua kwamba majumba matatu niliyoyaandika humo yanajibizana. Yote matatu yalisimama juu ya pesa zilizopita njia moja. Leo kila moja linaisimulia njia hiyo kivyake, au halisimulii kabisa.

La kwanza ni rahisi kulipata. Ukitoka bandarini ukashika barabara ya Mizingani, utakutana na jengo linaloitwa Dispensari ya Zamani. Roshani zake za mbao zimechongwa mpaka zimekuwa kama lesi ya shela la bibi harusi. Vioo vyake ni vya rangi, na jua likipita, sakafu inapata madoa mekundu na kijani. Katikati kuna uwa, na ghorofa zinauzunguka kwa baraza ndefu, kiasi kwamba ukisimama chini unaona shughuli za nyumba nzima kwa kuinua uso tu. Kama unapenda majengo, hapo utachelewa.

Aliyelianzisha ni Tharia Topan, Mwismaili kutoka Kutch, aliyefika Unguja akiwa kijana mdogo na kuondoka akiwa mmoja wa matajiri wakubwa wa pwani nzima. Kwa muda alishika forodha ya Sultani. Alikopesha watu. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 kwenye kiti, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali ya sadaka. Hakuiona ikiisha; alifariki India mwaka 1891, na mjane wake ndiye aliyesukuma kazi hadi jengo likakamilika mwaka 1894. Baadaye likapita kwenye mikono ya wakfu wa mfanyabiashara mwingine. Hapo ndipo likawa dispensari kweli: dawa chini, wapangaji juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaingia mikononi mwa serikali, likachoka, mbao zikaoza. Miaka ya 1990 shirika la Aga Khan linaloshughulikia utamaduni likalitengeneza kwa ustadi wa kupigiwa mfano, likawa kituo cha utamaduni chenye ofisi, maduka na maonyesho.

Kwanza niseme sifa zake, manake uhakiki usiojua kusifu ni ugomvi tu. Kazi ya mafundi pale ni ya heshima. Hawakulifanya jengo lionekane jipya, na walirudisha mbao kwa mkono wa kuchonga, jambo ambalo lilihitaji kuwafundisha vijana ufundi uliokuwa unapotea. Na jina limebaki. Hili nalipenda kuliko vioo. Tharia alilipa, lakini mji haukuliita jengo kwa jina lake. Mji uliliita kwa kazi lililoufanyia. Dawa hazitolewi tena pale, lakini mtu akikuelekeza bado anakwambia, "Pita mbele ya Dispensari." Watu wa kawaida nao ni wahariri. Wanajua neno gani la kubakisha.

Ila siku niliyokwenda palikuwa kimya. Nilikaa karibu saa nzima na nilihesabu watu watano, wawili kati yao walinzi. Nilifikiria wale wapangaji wa zamani wa juu, waliokuwa wakisikia kikohozi cha wagonjwa kikipanda kutoka chini, na wagonjwa waliokuwa wakinusa samaki wa mtu anayekaanga ghorofani. Jengo lile lilitibu watu kwa miongo kadhaa, na bila shaka walikuwa wakipiga kelele. Sasa limepona lenyewe, na wagonjwa hawapo.

La pili liko ndani zaidi, kwenye vichochoro vya Hurumzi. Hili nalo ni la Tharia Topan, na leo ni hoteli. Ndiyo hoteli ya picha ya ami: vitanda vya Kizanzibari vyenye nguzo nne, vyandarua, mito sakafuni, na juu ya paa mkahawa ambapo wageni wanakula jua likizama na adhana zikipishana kutoka misikiti mitano. Nilipanda kama mgeni anayelipa, na nilikaribishwa vizuri. Maji ya ukwaju yalikuwa matamu. Sina malalamiko.

Kilichonisumbua ni jina. Wenyeji wengi watakwambia Hurumzi linatokana na uhuru wa watumwa, kwa sababu Waingereza walilitumia jengo lile kwa shughuli za kuwaweka huru. Ukisikia hivyo ukiwa na glasi ya ukwaju mkononi, moyo unatulia: kumbe nimekaa mahali pa wema. Lakini hebu tuifuate stori kidogo. Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba kisheria ililipa fidia. Iliwalipa wenye watumwa. Mtumwa mwenyewe alitakiwa aende akaombe uhuru wake, na akiupata alitoka na karatasi. Masuria hawakuhesabiwa kabisa. Wao walingoja hadi 1909. Kwa hiyo jina la mtaa ni la uhuru, na mfuko uliojaa ulikuwa wa bwana.

Nikishuka ngazi za hoteli ile niliwaza kwamba huu ndio uhariri wa hatari zaidi. Jengo lililofuta historia yake yote hukushtua, unajiuliza kilichokuwapo. Jengo lililobakisha neno moja zuri linakushibisha, na hutauliza tena.

Jumba la tatu nililifikia siku ya mwisho, jua la saa nane likiwaka. Liko Shangani, kwenye kichochoro ambacho mtu wa haraka anakipita bila kugeuka. Hakuna aliyenishika tiketi, manake hakukuwa na tiketi. Kuna ngazi za marumaru, nyeusi na nyeupe, zilizolika katikati kwa nyayo. Kuna mlango wa kuchonga ambao wanaojua milango wanauhesabu miongoni mwa mizuri zaidi ya mji: mfaa wake mnene katikati, miimo imejaa maua na mawimbi. Na juu ya mlango huo, siku hiyo, kamba ya nguo. Kanga mbili, shati la shule, suruali ya mtoto yenye kiraka matakoni.

Hii ilikuwa nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kama Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watu, aliyepeleka misafara hadi Manyema na kutawala nchi kubwa upande wa mashariki wa Kongo kwa bunduki zake. Alifia Unguja mwaka 1905. Baada ya Mapinduzi, majumba mengi ya Mji Mkongwe ambayo wenyewe walikimbia au walinyang'anywa yaligawiwa kwa vyumba, na familia kutoka Ng'ambo, Pemba na mashamba zikahamia. Hili ni mojawapo. Pale alipokaa bwana mmoja zikakaa familia kadhaa, kila moja na jiko lake, ndoo zake za maji na mita yake ya umeme.

Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi akichambua mchele kwenye ungo. Nilimwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Watafuta nyumba ya Tippu Tip?"

"Ndiyo."

"Ndiyo hii. Mlango huo hapo, piga picha."

Nilipiga. Halafu nikauliza kama naweza kuchungulia ndani kidogo. Hakukasirika. Alitoa jiwe kwenye mchele, akalitupa, akasema, "Kila mgeni ataka aone Tippu Tip alilala wapi. Hajaja hata mmoja akaniuliza mimi nalala wapi." Kisha akacheka, akanisogezea nafasi nikae. Nilikaa. Tulizungumza habari za Mombasa, bei ya mchele, na paa linalovuja upande wa chumba chake. Ndani sikuingia, na sikustahili kuingia.

Watu wengi wanaoandika kuhusu majengo wangeyapanga majumba haya hivi: Dispensari ni ushindi, hoteli ni biashara nzuri, nyumba ya Tippu Tip ni aibu. Mimi nilirudi chumbani kwangu nikajaribu kuyapanga hivyo, nikashindwa, kwa sababu ya kitabu.

Tippu Tip alisimulia maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye W. H. Whiteley akayatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Ukitarajia mtu wa kutubu, hutampata. Ukitarajia mtu wa kujigamba sana, pia utashangaa. Sehemu kubwa ni hesabu: bidhaa zilizochukuliwa kwa mkopo, frasila za pembe zilizopatikana, nani anadaiwa, nani amelipa, mji gani umepigwa. Na anayetokea tena na tena kama mtu wa kukopesha ni Taria, yaani Tharia Topan, mwenye Dispensari, mwenye Hurumzi.

Mfumo wenyewe haukuwa siri. Tajiri wa Unguja alitoa nguo, shanga, bunduki na baruti kwa mkopo. Mwenye msafara akaingia bara miaka, akarudi na pembe, akalipa deni pamoja na faida, akakopa tena kubwa zaidi. Aliyekaa pwani hakuhitaji kushika mjeledi wala kuona kijiji kikiwaka. Alihitaji daftari tu. Pembe hazikuwa na miguu. Zilibebwa mabegani na wapagazi, wengine wa ujira na wengine watumwa. Katika kitabu watu hawa wengi wao ni idadi.

Sasa rudi kwenye mwaka 1887. Mwaka ule ule ambao Tharia aliweka jiwe la hospitali ya sadaka, Tippu Tip alitia saini Unguja, mbele ya Henry Morton Stanley, mkataba wa kuwa gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mji mmoja, mwaka mmoja. Mkopeshaji anajenga mahali pa kutibu maskini, na mdaiwa wake wa miaka mingi anaajiriwa na mfalme ambaye serikali yake Kongo itakuja kuwakata watu mikono. Sisemi Tharia alikuwa mnafiki. Mtu anaweza kutoa sadaka kwa moyo safi kutoka kwenye pesa chafu. Wengi wetu tumesomeshwa hivyo. Nasema tu kwamba haya si majumba mawili yasiyojuana, moja la wema na moja la ubaya. Ni kurasa mbili za daftari moja: huku deni, huku malipo. Tumetengeneza ukurasa mmoja kwa vioo vya rangi, na ule mwingine tumeuacha uvuje.

Ndiyo maana siku hizi, nikiingia jumba lolote la zamani lililopewa kazi mpya, sianzi na mbao wala rangi. Nauliza maswali matatu. Nani anapanda ngazi bila kuulizwa anakwenda wapi? Pesa zilizojenga zinasimuliwa wapi humu ndani? Na nani anapaka chokaa?

Kwenye swali la kwanza, nyumba ya Shangani inawashinda wenzake wote. Shati la shule lilipita mlango ule kila asubuhi bila risiti. Kama kuna mahali Mji Mkongwe ambapo nguvu ya bwana imegeuzwa kichwa chini, ni pale ambapo mama anachambua mchele kwenye marumaru ya Tippu Tip na kuamua mgeni gani akae na yupi asiingie. Hakuna mbunifu aliyechora jambo hilo. Nalo pia ni matumizi mapya ya jumba la zamani, ingawa halipewi tuzo.

Kwenye swali la pili wote wanafeli, kila mmoja kwa namna yake. Dispensari inasimulia sadaka, Hurumzi inasimulia uhuru, na Shangani mlango unabeba jina la mtu mmoja tu, jina kubwa, kana kwamba aliishi na kufanya kazi peke yake.

Swali la tatu ndilo linaloniumiza, kwa sababu hapo mama wa Shangani anashindwa, na kushindwa kwake si kosa lake. Nyumba zetu za pwani ni matumbawe, chokaa na boriti. Ukuta wa chokaa unapumua: unaingiza unyevu na kuutoa. Unataka kupakwa kila baada ya muda, kama ngozi inavyotaka mafuta. Ukiacha, maji yanaingia juu, boriti zinaoza pale zinapoingia ukutani, na siku moja dari inashuka. Ukijifanya mjanja ukapaka saruji, ndio umefunga maji ndani, na ukuta unaoza ukiwa umependeza. Familia zinazolipa kodi kwa chumba, zisizomiliki paa, haziwezi kulitengeneza paa la pamoja. Kila mtu anatega ndoo yake.

Na msidhani ulinzi na wafadhili wanatosha. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, fahari ya mji uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Lilikuwa kwenye matengenezo. Watu wawili walikufa. Nilikuwa Nairobi nikiangalia picha za vumbi kwenye simu, na nilichofikiria si Beit al-Ajaib. Nilifikiria ngazi za Shangani, na chumba kinachovuja upande mmoja. Mtu anayeona umaskini wa wengine kuwa mandhari nzuri ya uhakiki wake ana ugonjwa ule ule wa yule anayetaka mito ya machungwa. Kamba ya nguo inapendeza kwenye picha. Dari ikishuka haipendezi.

Kwa hiyo ami si mjinga. Amehesabu. Paa letu linavuja tangu mvua za mwaka juzi. Nyanya ana miaka zaidi ya 80, na ngazi zetu ni mwinuko wa mlima. Mwekezaji ataleta pesa ambazo sisi kumi na saba wa kwenye grupu, tukichanga, hatufiki robo yake. Ningekuwa mkweli nusu tu, ningeishia hapa na kuweka gumba.

Lakini wiki iliyopita nilishuka Mombasa kwa treni, nikaenda kukaa na nyanya. Nilimwonyesha picha ya kidimbwi. Aliisogeza karibu na miwani, akauliza, "Huyu mwanamume amelala hapo, nguo zangu nitaanika wapi?" Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza maisha yangu yote: baba yake babu alipata wapi pesa za kujenga?

Tumekua tukiambiwa "biashara ya boriti". Jahazi zikienda Lamu, zikirudi na boriti, nyingine zikivuka hadi Uarabuni. Ni kweli. Nyanya alisema ni kweli. Halafu akanyamaza, akanionyesha kwa kidevu pale chini ya ngazi, kwenye kijichumba tunachowekea mitungi ya gesi. "Alikuwa akilala hapo," akasema. Nani? Mwanamke aliyewapikia, aliyemlea marehemu babu, ambaye nyanya alipoolewa kuingia nyumba ile alimkuta ni mtu mzima sana. Alizaliwa kabla utumwa haujafutwa huku kwetu, mwaka 1907. Uhuru ulimkuta jikoni akabaki jikoni. Hakuna aliyemfukuza, nyanya alisema, na hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Alifia kwenye kijichumba kile.

Nyanya analikumbuka jina lake. Hapa silitaji, kwa sababu kwanza lazima litajwe nyumbani, na watu waliobeba jina la ukoo wetu kwa fahari.

Sasa mnaona nilichokuwa nangoja, ingawa wakati nikiandika "Ngojeni kwanza" hata mimi sikukijua. Kwenye mchoro wa ami kijichumba kile kimeandikwa "spa". Nilikuwa Unguja nikiwapangia watu maksi za jinsi wanavyosimulia pesa zao, na nyumbani kwetu tumeweka mitungi ya gesi juu ya mtu.

Wakaaji wa Nairobi mnaoijua bustani ya Jeevanjee mtanielewa. Ilitolewa na tajiri kwa ajili ya mji, na mwaka 1991 ilipotakiwa kugeuzwa maegesho na maduka, mjukuu wake Zarina Patel alisimama na watu, ikabaki. Leo wanaoikalia ni wahubiri, waliochoka kutafuta kazi, na wapenzi wasio na pesa ya kahawa. Hakuna aliyeitunza kama makumbusho. Watu waliendelea kuikalia tu, na palipokuwa na hatari kukawa na mtu wa damu ile aliyekuwa tayari kuwakera wakubwa.

Jana usiku niliandika kwenye grupu. Nilijaribu kuwa mfupi. Nilisema nakubali ghorofa ya chini ikodishwe, hata kwa huyo mwekezaji: mkahawa, duka, ofisi, chochote kisicholala na pesa zake ziende kwenye paa na chokaa kabla hazijaenda kwa mtu yeyote. Ghorofa ya juu abaki nyanya, na kamba yake. Baraza la nje lisiwekewe viti vya wateja, kwa sababu wazee wa mtaa wanakaa hapo kunywa kahawa tungu tangu sijazaliwa, na hawajawahi kutuomba ruhusa. Na kijichumba cha chini ya ngazi kitolewe mitungi, kipakwe, na ukutani liandikwe jina la aliyelala humo, miaka yake, na alichotufanyia. Maneno ya kawaida. Mgeni akiuliza, aambiwe.

Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Tiki mbili za bluu, kumi na saba kamili. Binamu aliyesema nimeharibika akaweka moyo, akautoa, akauweka tena. Shangazi akaandika, "Mambo ya marehemu tuyaache." Halafu ami, ambaye huandika kwa herufi kubwa akiwa na hasira, akaandika kwa herufi ndogo:

"sawa. na chokaa ya mwaka wa kwanza, kabla mkahawa haujaingiza kitu, nani analipa?"

Ndilo swali la tatu, na ameliuliza vizuri kuliko mimi. Nimemtumia nilichokuwa nimeweka kwa ajili ya kompyuta mpya. Fundi wa chokaa ametuambia kitatosha ukuta mmoja, ule wa upande wa ngazi. Tunaanza na huo.